Sehemu nne zijazo za podikasti ya historia ya Kusini: ipi itangulie?

MwanaMikindani
Wakuu, habari za jioni. Msimu ujao wa podikasti yetu ya historia ya Kusini mwa Tanzania una sehemu nne za dakika 40: nusu saa ya historia, dakika kumi za mwisho ni jambo linaloendelea sasa. Zilizopendekezwa ni mifupa ya dinosaria (mijusi wakubwa wa kale) ya Tendaguru mkoani Lindi, mpango wa Waingereza wa karanga wa Nachingwea, Vita vya Majimaji na gesi ya Mtwara. Mimi naona gesi itangulie, ndiyo inayozungumzwa vijiweni. Linganisheni kwa hoja: chanzo kipi kinashika, na makosa gani hujirudia?

Mmatumbi
Mkuu, Majimaji kwanza. Wasimulizi wengi huanzia Songea kwa kuwa makumbusho yako kule na kumbukumbu hufanyika Februari 27, kwa ajili ya wapiganaji wa Kingoni walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Lakini vita viliwaka huku, mkoa wetu wa Lindi. Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbi, waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya dawa ya vita, alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita havijafika hata Ungoni, kule Songea. Anayesema Kinjekitile aliongoza vita vyote hadi 1907 anawapotosha wasikilizaji.

Kwenye vifo msitaje namba moja. 75,000 ni hesabu ya Wajerumani. Baadhi ya wanahistoria hufika 300,000. Wengi waliuawa na njaa, maana mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi. Dakika kumi za leo zipo tayari: Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha. Kilwa na Liwale wanaupokeaje msamaha uliotolewa Songea? Hilo swali halijaulizwa vya kutosha.

BintiLindi
Namuunga mkono Mmatumbi, na sababu yangu ni Tendaguru yenyewe. Mhandisi Bernhard Sattler alionyeshwa mifupa ile mwaka 1906, vita bado havijaisha. Uchimbaji mkubwa ulikuwa 1909 hadi 1913, ukianza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, katika nchi iliyotoka kuchomwa na kufa njaa. Ukiiweka Tendaguru kabla ya Majimaji, msikilizaji atadhani mamia ya watu walikwenda kuchimba kwa kupenda mifupa. Walikuwa watu waliopoteza chakula na ndugu.

Kazi ielezwe kwa mikono ya waliofanya. Mfupa ulifunikwa plasta ukiwa shimoni, mingine ikafungwa ndani ya mianzi, kisha ikabebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, kama kilomita 60. Zilitoka takriban tani 225. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake litajwe mapema, si dakika ya mwisho kama shukrani.

Makosa mawili ya kuepuka: kusema mjusi yule wa Tendaguru aliye kwenye makumbusho ya Berlin ni mnyama mmoja mzima (ameunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja), na kumwita Brachiosaurus bila kueleza kwamba siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan. Ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu, akasimamishwa kwa maonyesho mwaka 1937. Mjadala wa kumrudisha uwekwe pande zote: kuna wanaotaka mifupa irudi, kuna wanaotaka makumbusho Lindi na mgawo wa mapato. Mimi nasimama na wa kwanza, ila mtangazaji asiseme hivyo kabla hajamaliza hoja za wa pili.

Mwl_Nachingwea
Karanga ziwe za tatu. Hapa kosa ni moja kubwa: watu huchanganya mashamba ya Kongwa (Dodoma) na ya Nachingwea. Udongo uliokauka ukawa mgumu kama saruji, mvua chache, matrekta yaliyoharibika kwa visiki, hayo ni ya Kongwa zaidi. Huku Kusini tatizo lilitangulia shamba: hapakuwa na bandari ya kina wala reli ya kuleta mashine, ikabidi vijengwe kwanza huku fedha zikiisha. Mpango wa 1947 ulikuwa ekari zaidi ya milioni 3 kwa mikoa yote, kwa sababu Uingereza ilikosa mafuta ya kula baada ya vita. Mwaka 1951 ulifutwa, na hasara ikahesabiwa pauni milioni 36.

Reli iling'olewa miaka ya 1960, bandari ya Mtwara ikabaki, na korosho inapita hapo. Mambo ya leo ni hayo: mkulima anapeleka korosho AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), inakwenda ghalani, inauzwa kwa mnada, halafu inakwenda bandarini.

MwanaMikindani
Mwalimu, na gesi je? Msiiache.

Mwl_Nachingwea
Iwe ya mwisho, na itenganishe mabomba mawili. La Songo Songo (Kilwa) lilianza kupeleka gesi Dar mwaka 2004. La Madimba (Mtwara) lilikamilika 2015, na mpango wake ndio ulioleta vurugu za Mtwara mwaka 2013. Ukisema "bomba la gesi" tu, wa Kilwa na wa Mtwara watasikia vitu viwili tofauti. Kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika (LNG) cha Likong'o, Lindi, kisitajwe kama kitu kilichojengwa.

FundiSauti
Upande wa sauti, Tendaguru na Majimaji ndizo ngumu, zinahitaji kurekodi nje. Upepo wa kusi ukigonga maikrofoni isiyo na manyoya ya kuzuia upepo, sauti ile haiondoki hata ukihariri usiku kucha. Sponji peke yake haitoshi pwani. Mdomo uwe shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni, kilele cha sauti kisipite -12 dB. Mkihojia ndani, zimeni feni, na msirekodi chini ya bati mvua ikinyesha.

Rekodini WAV ya mono, 48 kHz na biti 24: dakika 40 ni kama MB 346. Mkipandisha, tumieni MP3 ya 64 kbps, inabaki MB 19, bando la msikilizaji wa Newala linaimudu.

Mmatumbi
Basi safari ya Nandete ipangwe baada ya masika. Barabara ya kwenda huko, ya Njia Nne hadi Kipatimu, ikilowa, gari dogo halifiki. Julai inafaa, ndio mwezi pamba ilipong'olewa. Muanze kwa serikali ya kijiji, na mzee aombwe ruhusa ya kurekodiwa kabla kifaa hakijawashwa. Ruhusa yenyewe irekodiwe.