Mjadala: Mashujaa wazikwe Nairobi ama warudishwe ushago (kijijini kwao)?

Mleta mada

Wandugu nisaidieni hapa. Juzi nilipita City Park pale Parklands, ile ya kima wanaokunyang'anya njugu mkononi, na ndani yake kuna makaburi ya zamani ambayo watu wengi hupita tu. Pio Gama Pinto amelala hapo. Kwa vijana wasiomjua, huyu alikuwa Mkenya wa asili ya Goa, mwanahabari, mkoloni alimweka kizuizini kisiwa cha Manda wakati wa Mau Mau, halafu uhuru ukaja na tarehe 24 Februari 1965 akapigwa risasi akitoka na gari nyumbani kwake Westlands, mtoto wake akiwa ndani. Miaka 37 na alikuwa mbunge.

Jirani yake ni Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, alikalia hicho kiti miezi michache mwaka 1966 akaachia ngazi mwenyewe (nani hufanya hivyo siku hizi?). Alifariki 1990 na yeye mwenyewe ndiye alitaka alazwe karibu na rafiki yake Pinto. Mkewe Sheila naye akaletwa hapo 2000.

Sasa ukitaka kumwona Pinto unashuka matatu unaingia, basi. Mzee Kenyatta, rais wa kwanza, yuko ndani ya uwanja wa Bunge na askari mlangoni. Tom Mboya, yule waziri, aliuawa katikati ya Nairobi 1969, jiji lilimlilia, lakini kumtembelea ni mpaka uvuke ufike kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Kwa hivyo naona mtu aliyeishi kwa ajili ya nchi nzima asipelekwe boma la ukoo, azikwe hapa mjini kwa makaburi ya umma, mtoto wa mabandani Kibra na wa matajiri Muthaiga wote waende bila kubishia mtu hodi. Mnaonaje?

Mchangiaji 1

Wewe unataka vita na wazee. Umesahau SM Otieno? Wakili wa Nairobi kabisa, alikufa Desemba 1986, mjane akataka amzike Ngong karibu na Nairobi, ukoo wake wa Kiluo, Umira Kager, ukasema mtu wetu anarudi Nyalgunga, kijijini Siaya. Kesi juu ya kesi, maiti iko mochari, hadi Mei 1987 ndio akazikwa, na ukoo ndio ulishinda. Mahakama ya Rufani ilisema mila ndiyo inatawala. Kwetu mtu mzima kulala kwa makaburi ya kaunti ni kama hakuwa na kwao, usidhani ni ushamba, ni kitu kizito, mama yako atakuuliza ulimtupa wapi ndugu yako.

Mchangiaji 2

Na mtamweka wapi kwanza?? Makaburi ya umma ya Lang'ata yalishatangazwa yamejaa miaka mingi iliyopita na bado watu wanazikwa tu, unakanyaga mmoja ukienda kwa mwingine. Ile ardhi ya Mavoko, nje ya Nairobi, ekari 120 jiji lilinunua kwa milioni 283 iwe makaburi mapya, ikaonekana haifai kuchimbwa kaburi, mwamba mtupu, watu wakaishia kortini. Sisi raia hatuna pa kuzikwa na nyinyi mnatafutia wakubwa ploti.

Mchangiaji 3

Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, alimaliza huu mjadala alipofariki 2011. Hakutaka mti ukatwe kwa sababu yake, jeneza likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, mwili ukachomwa Kariokor, majivu yakapelekwa Kabete kwenye taasisi yenye jina lake, chuo kikuu cha Nairobi. Hakuna ekari, hakuna ukoo kupigana. Najua wengi wetu hatutakubali kuchomwa, mimi mwenyewe naogopa nikifikiria, lakini inawezekana.

Mleta mada

@2 hapo kwa ploti umenishika, sina jibu. @1 nakuelewa, lakini mbona huo uzito wa ukoo hautuulizi kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau? Alinyongwa gereza la Kamiti Februari 1957, akafukiwa na mkoloni mahali hapajulikani hadi leo, serikali zote zimepita, na mama Mukami aliondoka 2023 akiwa bado anaomba mifupa ya mumewe. Tumemjengea sanamu mjini, barabara tumempa, kaburi hakuna. Huyo angepatikana leo mngempeleka Nyeri kimyakimya ama angelala mahali nchi yote inamfikia?

Mchangiaji 1

Kimathi akipatikana familia ndiyo iamue, si wewe wala mimi. Halafu angalia vizuri mfano wako. Pinto ni Mgoa aliyezaliwa Nairobi, angerudishwa ushago gani? Murumbi baba Mgoa mama Mmaasai, hakuna wazee waliokuja na kesi kumng'ang'ania. Wako City Park kwa sababu hakuna aliyewadai. Sasa jaribu hiyo na mbunge wa kwetu uone mabasi yatakayokuja kumchukua.

Mleta mada

Ai, hiyo sikuwa nimeiona hivyo. Lakini Murumbi alisema anataka kulala wapi na akasikizwa. SM Otieno, mjane alisema mumewe alitaka Ngong na hakusikizwa. Basi hebu tuanzie hapo, mtu akiandika kabisa anataka Nairobi, ukoo uwe na haki ya kumbeba ama la?

Mchangiaji 2

Aandike pia nani atakata nyasi.