WAJUKUU WA BI ZUWENA 🌹 (safari ya mlima wa Jabal Akhdar, Oman, gumzo la kikundi)

JUMATATU

Da Salma 20:14: Asalaam aleykum wana ukoo. Narudia na sitorudia tena, Ijumaa hii tunapanda Jabal Akhdar, mawaridi yashafunguka na yakishapita hayo ni mpaka mwakani, nataka majina na nataka gari, nani anaendesha nani anapakiwa, msinifanyie kama mwaka jana mnakaa kimya wote halafu Alkhamisi usiku simu yangu haipumui

Da Salma 20:15: Na gari nasema FOWILI, inayovuta magurudumu yote manne. Pale Birkat al Mouz chini ya mlima polisi wanasimamisha kila gari, gari ndogo ya saluni hairuhusiwi, hata uwe mtoto wa nani

Da Salma 21:52: Tiki za buluu naziona 🙂

Mudi 21:53: mie nilikuwa napika

Mudi 21:53: nipo. gari sina

Da Salma 21:54: Weye gari hatujakuuliza tokea uzaliwe

Rayya 22:10: Da Salma kwani kagari kangu hakapandi kweli? lami si ipo mpaka juu

Kaka Nassor 22:31: Lami ipo na kupanda kitapanda. Kushuka ndiko kwenye kazi. Ule mteremko ukikanyaga breki tokea juu mpaka chini zinaungua, badala ya waridi unanusa breki. Unatia gia ndogo gari ijizuie yenyewe taratibu. Zile njia za pembeni zinazopanda kichanga changa umeziona? Zile za gari iliyokata breki, ikimbilie kule ikwame. Hazikuwekwa pambo

Tatu wa Hemedi 22:33: Jamani mie mgeni mnanitisha, kwetu Unguja mlima nnaoujua Masingini 😅

Mudi 22:33: Masingini ukipiga chafya ushafika juu

Hemedi 22:34: Usiogope ntakushika mkono

Rayya 22:34: 🤮🤮

Mudi 22:35: mkono mmoja wa Tatu mmoja wa usukani, na gia ndogo atatia nani

Da Salma 22:36: MAJINA.

JUMANNE

Tatu wa Hemedi 09:05: Samahani da Salma, mama kaniagiza marashi ya huko, nyumbani mrashi upo mtupu na mwezi ujao tuna harusi. Yanauzwa madukani au mpaka huko huko?

Da Salma 09:20: Madukani yapo lakini nenda ukayaone yanavyopikwa mwenyewe. Waridi linachumwa alfajiri kabla jua halijalipiga, wanalijaza kwenye chungu juu ya tanuri la udongo, ndani mna chombo kidogo na juu wanafunika kwa bakuli la maji baridi, mvuke unapanda unapiga pale kwenye baridi unadondoka tone tone mle ndani. Pale mlangoni tu macho yanakuwasha kwa moshi. Yale ya asli rangi yake kama chai ya rangi na yana harufu ya moshi, siku hizi wengine wanatumia mitambo yanatoka meupe kama maji, mazuri lakini mie siyataki. Kwa hivyo tuondoke Alkhamisi usiku tulale juu, alfajiri tuwe kijijini Al Ayn mashambani. Sweta lazima, msione Muscat tunaoka mkadhani na kule hivyo hivyo, Saiq kule juu ni mita elfu mbili

Mudi 09:41: na komamanga tutapata?

Kaka Nassor 09:44: Komamanga mwezi wa nane wa tisa. Saa hizi utakula majani

Mudi 09:45: na pale alipokuja Diana, yule binti mfalme wa Uingereza?

Kaka Nassor 09:47: Alikuja 1986, sasa pale pamo ndani ya hoteli. Kahawa yao ukiinywa bora ungeshuka Nizwa Ijumaa asubuhi mnadani ununue mbuzi

Mudi 09:48: mbuzi hana view

Seif (Leicester) 13:02: Huku mvua. Niwekeeni chupa mbili za marashi

Da Salma 13:03: Seif pesa ya chupa za mwaka jana

Seif (Leicester) amebadilisha picha yake ya wasifu

Shangazi Asya 16:18: Waleykum salaam. Mie nina suala moja tu. Mama anapanda gari ya nani? Maana safari ile mlimtia kwenye saluni ya Nassor mkarudishwa pale kizuizini, nyinyi mkahamia kwenye magari mengine mkapanda juu mkapiga mapicha, mama wa watu kaachwa petroli stesheni na deli la juisi mpaka laasiri, kisha iko nyumba pale pale ya kupumzikia lakini hakuna aliyethubutu kuitaja

Kaka Nassor 16:25: Shangazi shikamoo. Mie ndo nilobaki nae. Na nilitaka kumpeleka kwenye hiyo nyumba, nilikupigia ukasema nisithubutu

Shangazi Asya 16:26: Nilikuwa na sababu yangu na unaijua

Da Salma 16:27: Tusifungue hayo jamani hapa tunapanga gari

Mudi 16:29: swali, deli lilirudi?

Rayya 16:30: 😂😂😂 halikurudi

Kaka Nassor 16:31: Deli lipo kwangu. Kifuniko ndo hakipo

Shangazi Asya 16:40: Chekeni tu. Siku ya arubaini ya baba mtu hakutia mguu, leo mie ndo mbaya

Hemedi 16:58: Kwa upande wangu nina gari yangu, nafasi tatu nyuma

Da Salma 16:59: Ahsante Hemedi Mungu akuweke. Sasa na ya Nassor mpya mbili. Bado MOJA. Ami Khalfan una fowili inakaa tu uani kama kabati, tunakuona umesoma

JUMATANO

Rayya 10:12: Bibi yupo hapa kwangu. Nimemsomea yote. Anasema niandike neno kwa neno nisipunguze

Da Salma 10:12: Rayya kwa nini umemsomea yote 🤦🏽‍♀️

Rayya 10:19: Anasema: "Mimi Zuwena. Siku ile pale petroli nilikuwa nauona mnara wa msikiti wa kina Salum, na adhana ya adhuhuri nikaisikia, nikajitia siioni nyumba. Niliona aibu mbele ya mtoto wa Kihindi anayetia mafuta, aliniletea kiti. Salum ndugu yangu tumbo moja. Ya arubaini nimeyasikia miaka yote na aliyekufa ni mume wangu, si wa Asya. Ijumaa tunaingia kwa Salum kwanza, tunakula kwake, kisha huko kwenye mawaridi mkitaka nipelekeni mkitaka msinipeleke. Kama haiwi hivyo nami siendi, na mtu asinipigie simu ya kunibembeleza."

Rayya 10:20: Basi hapo kaniambia tuma

Kaka Nassor 11:37: Sawa Bibi. Shikamoo

Hemedi 11:50: Inshalla Bibi

Tatu wa Hemedi 11:51: Shikamoo Bibi 🙏🏽

Da Salma 12:04: Naam Bibi, tumesikia. Lakini wenzangu saidieni mawazo, tukiingia Birkat al Mouz Ijumaa asubuhi tukae mpaka chakula, kule juu tutafika laasiri na waridi lishachumwa zamani. Au wengine wapande Alkhamisi wengine waje na Bibi? Halafu kwa Babu Salum nani anampigia? Mie sijaongea nae tokea harusi ya Rayya. Namba yake nani anayo?

Mudi 12:06: da Salma

Mudi 12:06: Babu Salum yumo humu

Da Salma 12:06: Humu wapi

Mudi 12:07: kwenye kikundi. nilimuingiza siku ya Idi nikasahau kuwaambia. ile namba yenye picha ya falaji, ule mfereji wa maji wa kizamani

Rayya 12:07: Yarabi

Hemedi 12:08: Kwa hivyo kasoma yote 😶

Mudi 12:08: kasoma na ya deli

Da Salma 12:09: Mudi ntakuua

Tatu wa Hemedi 12:15: Falaji ile kwenye picha nzuri mashalla, wapi hapo?

Kaka Nassor 12:21: Khatmein, hapo hapo Birkat al Mouz. Ni katika zile falaji tano UNESCO walizozitia kwenye orodha yao 2006, pamoja na Daris ya Nizwa. Maji yanapita chini ya migomba, utajiona upo kwenu Tatu

Babu Salum 14:46: Waleykum salaam warahmatullah. Ijumaa nipo. Zuwena aje, na watoto waje. Asya nae anakuja?

Da Salma 14:47: Shikamoo Babu. Karibu sana kwenye kikundi 😊 tunakuja inshalla, kiasi cha watu kumi na mbili hivi, tutakuletea jawabu kamili

Babu Salum 14:49: Nimeuliza Asya

Da Salma 15:30: Shangazi?

Da Salma 18:05: Shangazi nimekupigia mara mbili

Rayya 18:40: Bibi anauliza Asya kajibu nini

Ami Khalfan 21:13: Asalaam aleykum. Nilikuwa kazini sikufungua simu. Gari ipo lakini mulkia, kadi yake ya usajili, imekwisha muda. Kwani tunaondoka Alkhamisi au Ijumaa?

Da Salma 21:14: Ami mulkia inafanywa kwa simu, dakika tano, ifanye sasa hivi. Siku tunangojea kwa shangazi

Shangazi Asya 22:50: Nassor, kifuniko cha deli kipo kwangu. Kipitie

Mudi 22:51: hiyo ndio au sio??

Da Salma 22:51: Mudi nyamaza. Shangazi, upitiwe lini?