Ukuta wa bomba za boila unapinda, nakosea wapi?

Fundi_Kizota: Wakuu habari za Dodoma, kuna boila (mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke) ya kiwanda cha kukamulia alizeti naiundia ukuta, bomba, ubapa wa chuma, bomba tena, sasa nikishachomelea paneli inapinda kama ndizi

MamaWelda: Unachoma upande mmoja mpaka mwisho eh? Ifunge kwenye jigi (fremu ya kuibana isicheze), choma pande zote kwa zamu, vipande vifupi vifupi

Mgogo_halisi: Na ubapa usiwe mpana mkuu, katikati yake iko mbali na maji ya ndani ya bomba ndo maana joto linajazana pale, unaungua halafu unapasuka

Fundi_Kizota: Duh mi niliweka mpana ili nipunguze bomba 😅

MamaWelda: Ulikuwa unabana hela hahaa. Kabla ya moto pima kwa presha ya maji, hewa usithubutu, ikiachia ni bomu