Tairi la spea limenichomoka barabara ya Iringa. Wauza spea na wachomeleaji wa Dodoma, mtakuja kuua mtu!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Jumanne jioni nimetoka Mpunguzi na zabibu, tairi la spea likachomoka chini ya gari na kubiringika nyuma yangu. Nyuma kulikuwa na bodaboda, kijana amembeba mama mwenye mtoto mgongoni. Kijana akakwepa, wakaishia porini. Hawakuumia, namshukuru Mungu. Ila tairi na rimu yake ni zaidi ya kilo 20. Lingeikuta ile pikipiki tungekuwa msibani sasa hivi.

Gari ni Hilux LN106 ya 1994, injini ya dizeli aina ya 3L, niliachiwa na mzee. Mlio nazo mnajua spea inakaa chini ya bodi, imening'inizwa kwa cheni ya winchi. Unapitisha chuma kwa nyuma, unazungusha, tairi linashuka. Vumbi letu hili likikutana na grisi linaganda kama saruji. Winchi yangu ilikwama miaka ikapita, mwisho cheni ikaliwa na kutu ikakatika. Nikawa naliweka tairi juu, ndani ya bodi. Msimu wa zabibu hiyo ni hasara kila safari: kreti nne zinakosa nafasi, na zilizobaki tairi linazisukuma kwenye kona hadi maji ya zabibu yanachuruzika.

Nikaenda duka la spea hapa mjini. Nikasema LN106, nikaonyesha kadi ya gari. Muuzaji akanipa winchi ya Hilux za kuanzia 2005, akaniambia, "Kaka chukua, zote Hilux, zinaingiliana." 85,000. Haziingiliani! Matundu ya bolti hayakutani na ya kwangu hata moja. Nimerudi saa hiyohiyo, akanionyesha maandishi kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo wewe ukidanganya, mimi ndiye nilipe?

Nikaishia kwa fundi wa kuchomelea. Nikamwomba kitu kimoja tu: atengeneze kishikio cha kufunga kwa bolti, asichomelee kwenye chesisi. Nikaenda kula. Narudi nakuta ameshachomelea nondo mbili nyembamba kwenye chesisi, terminali ya betri hajachomoa, na paipu ya breki inapita hapohapo jirani, rangi imeungua. Wiki ileile alternata ikaacha kuchaji. Fundi umeme akaniambia daiodi zimeungua. Nilipomrudia yule mchomeleaji akajibu, "Mbona tairi limekaa?" Limekaa wiki tatu. Nondo moja imekatika palepale alipochomelea, ya pili ikapinda, tairi likaondoka.

Nasema haya kwa sababu sipo peke yangu. Angalieni pikapu za zamani zinazopita hapa Majengo, spea imefungwa kwa kamba ya katani au mpira wa tyubu. Na njia zetu ndizo hizi, ukipata pancha usiku katikati ya Mtera na Fufu huna spea, unalala hapo na mzigo wako.

Sasa nimetoa kila kitu chini. Nataka stendi ya kusimama ndani ya bodi, nyuma ya kebini, ubavuni. Bomba la mraba lenye unene wa milimita 3, pleti chini na pleti nyingine upande wa pili wa bati la bodi ili bolti zisiling'oe, na juu stadi mbili (bolti za kufungia tairi) zinazopita kwenye matundu ya rimu. Rimu zetu ni matundu 6 ya bolti, yamepangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7, sawa na Land Cruiser nyingi za zamani, kwa hiyo hata habu mbovu ya kukatwa inaweza kutoa stadi. Tairi likisimama linakula nafasi ya kreti moja, si nne.

Ninachohitaji kwenu: fundi wa Dodoma anayepima kabla ya kukata, na anayekubali kufunga kwa bolti. Na kama kuna mtu ana winchi iliyovuliwa kwenye LN106 yenyewe, cheni nzima, aweke picha hapa ionekane ile sehemu ya kufungia. Usiniambie zinaingiliana. Weka picha.