Mjadala: Ukumbi wa heshima wa muziki wetu, wapiga magitaa wataingia lini?

Ndugu zangu, kila anapofariki mkongwe wa dansi au taarabu maneno ni yale yale: tungekuwa na ukumbi wa heshima wa muziki, mahali pa kuwaenzi wanamuziki wetu bora, fulani angekuwemo. Majina yanamiminika, na karibu yote ni ya waimbaji. Siti binti Saad, Salum Abdallah, Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, Muhidin Gurumo, Bi Kidude, Remmy Ongala. Sina ugomvi na hata mmoja. Siti, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili, hana haja ya kupigiwa kura. Hoja yangu ni kwamba orodha ikibaki hivyo tutakuwa tumejenga ukumbi wa sauti, si wa muziki.

Hata huyo Siti hakuwa peke yake. Kundi lake lilikuwa na mafundi wa ala kina Mbaruk Effandi, Subeti bin Ambari na Budda Swedi. Ni wangapi kati yetu tunawataja tunapomtaja yeye?

Nije kwenye dansi, maana huko ndiko kunakoniuma zaidi. Mjomba wangu alikuwa mpiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ndogo ambayo haikuwahi kurekodi. Nikiwa na miaka kumi hivi alinikalisha mbele ya redio kaseti, akaweka kanda ya Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, akaniambia: "Usimsikilize anayeimba. Msikilize yule anayepiga kitu kimoja bila kuchoka." Nilihangaika. Sauti ilikuwa inanivuta, solo linanivuta, tarumbeta zikiingia ndiyo kabisa. Akarudisha kanda nyuma mara nne, tano, huku akinigongea mapigo begani kwa vidole viwili. Mara ya sita nikaisikia ridhimu: fupi, kavu, imekaa katikati ya besi na solo kama uzi kwenye shanga. Wimbo ulipofika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho inayochangamka, waimbaji wakapunguza maneno, magitaa yakashika usukani, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu ukumbini huinuka vitini wakati huo na si kabla. Wanainuliwa na wapigaji.

Sasa tazameni jambo hili. Wapiga magitaa wetu ambao majina yao hayakupotea ni akina nani? Mbaraka Mwinshehe alicharaza solo, lakini pia aliimba. Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12, aliimba. Yule aliyepiga tu, akashuka jukwaani, akafunga gitaa lake kwenye kasha, huyo tumemsahau. Kipaji hakikumpungukia, alikosa kipaza sauti tu.

Chanzo kimojawapo ni jinsi bendi zilivyoendeshwa. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, baadaye ikawa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Mpigaji akihama, gitaa linabaki, linakabidhiwa mwingine, na wimbo unaendelea kuitwa wa bendi. Redioni nako lilitangazwa jina la bendi, na mara nyingi la mtunzi au mwimbaji. Jina la mpiga besi ulilisikia lini?

Kuna hoja mbili nimekuwa nikijibiwa nazo kijiweni, na ninaziheshimu.

Ya kwanza ni kwamba hakuna atakayelipa kiingilio aende kutazama picha ya mtu asiyemjua. Mimi nasema msitundike picha tu. Wekeni spika, pigeni "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Kabla mtu hajafungua kinywa kuimba, ukumbi mzima utakuwa umeshaujua wimbo. Wameutambuaje? Kwa gitaa na besi. Basi hapo hapo, wakiwa wanatikisa vichwa, waonyesheni sura ya Omari Shabani kwenye ridhimu na ya Tom Malanga kwenye besi. (Najua mtasema Les Wanyika ilikuwa bendi ya Nairobi. Ni kweli, na ilichanganya Watanzania na Wakenya, ndiyo maana kwangu ukumbi huu ungekuwa wa Afrika Mashariki nzima. Mipaka yetu haikuwahi kuuzuia muziki huu.)

Hoja ya pili ni nzito zaidi: wanamuziki walihama mno. Gurumo peke yake alitoka Juwata (ndiyo ile NUTA Jazz kwa jina jipya) akaenda Mlimani, akapita Safari Sound, akarejea kwenye bendi yake ile ile, inayojulikana pia kama Msondo. Wapigaji ndiyo usiseme. Utajuaje nani alipiga solo kwenye wimbo gani? Hapa nakiri kazi ipo. Inataka watu wakae na wazee waliobaki, wasikilize mikanda ya Redio Tanzania wimbo mmoja mmoja, waulize: huyu nani? na huyu? Wapigaji wanatambuana kwa mkono. Mjomba alikuwa akisikia sekunde chache tu anakwambia, "Huyu Mulenga," yaani Joseph Mulenga, mpiga solo wa Sikinde. Hakuwa anabahatisha, alikuwa anamjua mtu kwa jinsi anavyozigusa nyuzi, kama tunavyomjua ndugu kwa mwendo wake kabla hatujaona uso. Lakini wenye masikio hayo wanazidi kupungua, na ndiyo sababu nasema tusianze na jengo. Tuanze na kurekodi majina.

Wamarekani nao waliteleza hapo hapo. Ukumbi wao wa Rock and Roll ulianza kuingiza watu mwaka 1986, ikabidi ifike mwaka 2000 ndipo wafungue mlango maalumu wa wapigaji waliowasindikiza mastaa. Kati ya wa kwanza kupita mlango huo alikuwemo James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, ambaye kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa kwenye santuri alizozibeba. Heshima ilimkuta ameshafariki miaka 17 nyuma. Kanuni yao moja ningeichukua kama ilivyo: mtu asubiri miaka 25 tangu rekodi yake ya kwanza. Inaondoa ushabiki wa msimu.

Kwa kanuni hiyo zamu ya Bongo Fleva ya mwanzo imeshafika, na sina shaka Sugu na Profesa Jay watatajwa. Ila huko pia msirudie kosa. P-Funk Majani na Master J walikaa nyuma ya mashine wakatengeneza midundo, na kwenye muziki ule mtayarishaji ndiye bendi nzima.

Sitaki kumtoa mwimbaji yeyote. Nataka kila mwimbaji wa dansi anayeingia, aingie na mpigaji mmoja aliyembeba. Akiingia Gurumo, aingie na Said Mabera, mpiga solo wa Msondo. Wakiingia Bitchuka na Chidumule wa Sikinde, waingie na Michael Enoch, ambaye wenzake walimwita King na aliyeiongoza bendi ile huku akijua kupiga karibu kila chombo kilichokuwa jukwaani. Na Joseph Mulenga naye, kwa solo lake.

Mnaopinga, pingeni kwa majina. Na mnaokubali, msinipe orodha ya waimbaji ambayo sote tunaijua. Leteni jina moja la mpigaji, wimbo mmoja, na mahali kwenye wimbo ambapo mkono wake unasikika, twende tukamsikilize.