Tupeane uzoefu: siku uliyogundua kwamba watu wako wamesoma maandishi yako ya siri

Msimulizi wa Donholm:
Jumamosi iliyopita tulikuwa katika kikao cha familia huko Umoja, Nairobi. Mjomba alipoitazama saa yake kwa mara ya nne, shangazi alisema mbele ya watu wote kwamba mjomba huvaa saa ili aulizwe wakati. Watu walicheka, hata mjomba mwenyewe akacheka. Mimi nilibaki na kikombe cha chai mkononi, kwa sababu sentensi hiyo niliiandika mimi, neno kwa neno, mwezi wa Machi, katika daftari ninaloliweka chini ya godoro, na sijapata kumwonyesha mtu yeyote. Shangazi alikaa kwangu wiki mbili mwezi wa Mei alipokuwa akihudhuria kliniki ya meno. Tangu Jumamosi nimekuwa nikizipitia kurasa zile moja moja, nikizisoma kwa macho yake: niliandika nini kuhusu madeni yake, niliandika nini kuhusu mazishi ya babu, niliandika nini kuhusu mke wangu. Naomba mliopatwa na jambo hili mnieleze mlifanyaje. Je, nimwulize, au ninyamaze?

Mkazi wa Kayole:
Usimwulize. Akishajua kwamba umejua, atawaeleza wengine alichokisoma ili ajitetee.

Binti wa Bweni:
Umenirudisha kidato cha pili. Mlezi wa bweni alifanya msako wa masanduku usiku, akakuta daftari langu ndani ya sweta, akasimama katikati ya vitanda na kuwasomea wasichana arobaini ukurasa ambao nilikuwa nimeeleza jinsi baba alivyoachishwa kazi na jinsi karo yangu ilivyotokana na cherehani ya mama iliyouzwa. Wachache walicheka. Wengi walitazama chini, na hao ndio walioniumiza zaidi, kwa maana nilijua kwamba wameelewa. Sasa nina miaka thelathini na minne na hata orodha ya sokoni naiweka kichwani.

Jirani wa Githurai:
Pole sana, dada. Hilo halisahauliki.

Mama wa Watatu:
Nawaheshimu wote, lakini mzazi asihukumiwe kwa haraka. Mimi nilisoma daftari la binti yangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu, na nililisoma kwa makusudi, kwa sababu alikuwa ameacha kula na ameacha kwenda kwa masomo ya ziada. Humo nilikuta jina la mtu mzima aliyekuwa akimsumbua njiani. Kama ningeheshimu siri yake, leo ningekuwa nasimulia jambo jingine kabisa. Mtoto anayelala chini ya paa langu hana mlango ambao siwezi kuufungua.

Binti wa Bweni:
Mama, kwa hilo ulifanya vyema, nami nashukuru kwamba binti yuko salama. Ila sentensi yako ya mwisho ndiyo ileile aliyoitamka yule mlezi wa bweni. Je, baada ya siku ile binti yako aliendelea kuandika?

Mama wa Watatu:
Aliendelea. Lakini ni kweli kwamba aliandika mambo mazuri tu.

Binti wa Bweni:
Basi alikuwa akikuandikia wewe.

Wakili wa Ngara:
Naomba niingilie kabla maneno hayajawa makali. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutofichuliwa mambo ya familia yake na mambo yake binafsi pasipo sababu, na mtoto naye ni mtu. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikutungwa kwa ajili ya shughuli za binafsi na za nyumbani, kwa hiyo ndugu yetu wa Donholm asidhani kwamba ataweza kumpeleka shangazi yake kwa Kamishna wa Data kwa sababu ya daftari la chini ya godoro. Mambo ya godoro yatamalizwa na wazee.

Mkazi wa Kayole:
Wazee wenyewe ndio waliosoma.

Kijana wa Buruburu:
Yangu hayakuwa chini ya godoro. Niliyaweka kwenye intaneti kwa jina la kupanga, nikaamini kwamba jina hilo ni ukuta. Nilisahau kwamba nilikuwa nimemtaja kondakta wa matatu namba 58 mwenye kofia nyekundu, nikamtaja mama wa chapati aliye mkabala na lango letu, na nikamtaja mkuu wetu wa ofisi, ambaye alikuwa akiifungia sukari kabatini na kutembea na ufunguo. Asubuhi moja tulikuta sukari mezani, kopo wazi na kijiko ndani. Hakuna aliyesema neno. Mkuu alipita akanisalimu kwa jina langu la kupanga, kwa sauti ya chini, akaingia chumbani mwake. Nilifuta kila kitu mchana huohuo, na ndipo nikajua kwamba Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayoweka kurasa za zamani, ilikuwa imekwisha kuhifadhi nakala za kurasa kadhaa. Mwenye kuandika huko ajue kwamba si jina linalokufichua, bali ni vitu vidogo unavyovipenda mno hata huwezi kuviacha nje ya habari.

Mzaliwa wa Pumwani:
Nyanya yangu aliandika mambo yake yote kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na sisi wajukuu tuliosomea shule za mjini tuliyatazama kama nakshi. Jifunzeni herufi hizo.

Jirani wa Githurai:
Pumwani ndiko wanakoishi wanaozisoma. Ushauri wangu ni kinyume: daftari liache mezani, wazi, karibu na rimoti. Kisichofichwa hakitafutwi.

Mke wa Pipeline:
Sikukusudia kuandika, lakini nimeshindwa kulala. Mwaka 2020 mama mkwe alikuja kutoka Makueni kwa kliniki ya shinikizo la damu, akiwa na mkoba wa siku nne. Tarehe 27 Machi kafyu ya korona ilianza, tarehe 6 Aprili njia za kutoka Nairobi zikafungwa, na siku mbili baadaye Mombasa, ambako mume wangu alikuwa kazini, nayo ikafungwa. Tukabaki mimi, mama na mtoto mchanga katika sebule na chumba kimoja. Kila usiku, baada ya kuosha vyombo, niliandika katika shajara ambayo benki ilitupa mwezi wa Desemba, kisha nikaificha nyuma ya debe la unga. Niliandika kwamba ugali wangu anauita uji. Niliandika kwamba anatupa vidonge makusudi ili mwanawe anilaumu. Usiku wa tarehe 19 Mei niliandika kwamba ningepumzika kama asingeamka.

Mwezi wa Juni nilirudi nyuma kutafuta tarehe ya chanjo ya mtoto, nikaona maandishi ya penseli pembeni. Mama alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya ngumbaru, na herufi zake ni kubwa na zimeachana. Penye habari za vidonge alikuwa ameandika: "Sikutupa. Zilianguka. Mkono unatetemeka, niliona haya kukuambia." Penye tarehe 19 Mei hakukuwa na neno, ila alama ndogo ya tiki, kama ya mwalimu.

Sikuweza kumtazama siku ile nzima. Usiku niliandika: "Mama, nisamehe ukurasa wa tarehe 19." Siku mbili ukurasa ulikaa vilevile. Siku ya tatu nilikuta penseli: "Mimi pia nilimwombea mama mkwe wangu hivyo. Alikaa miaka ishirini." Kwa midomo yetu hatukulizungumza kamwe. Tulizungumza ugali, na kuanzia siku hiyo mimi nilimfungulia vidonge na kumwekea kiganjani. Njia zilipofunguliwa tarehe 7 Julai, aliondoka na basi la kwanza alilolipata.

Mama wa Watatu:
Nimelia. Sina la kuongeza.

Wakili wa Ngara:
Nami pia.

Mkazi wa Kayole:
Bado nashikilia kwamba msomaji asiulizwe.

Msimulizi wa Donholm:
Sitamwuliza kwa mdomo. Shangazi atarudi kliniki mwezi ujao, na daftari litakuwa palepale. Nimeandika ukurasa mmoja kuhusu madeni yale, nikaeleza kwa nini nilikasirika, jambo ambalo sikuwahi kulieleza hata humo ndani, na nimeweka penseli katikati. Nina swali moja kwa dada wa Pipeline: shajara ile iko wapi sasa?

Mke wa Pipeline:
Iko nyuma ya debe lilelile, na mume wangu hajui kwamba ipo. Penseli imeanza kufifia. Mama ni mzima, anapalilia kunde zake, na juzi alipopiga simu kumjulia hali mtoto, aliniuliza mwishoni kama benki bado hutoa shajara.