Rododendroni: ardhini, kwenye tuta au kwenye chungu? Na aina ipi?

Chipukizi2
Wakuu, habari za muda huu. Nina kibustani nyuma ya nyumba, kinapata jua la asubuhi tu. Niliwahi kupanda azalea kando ya ukuta. Ikatoa maua msimu mmoja, kisha majani yakageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Nikadhani ina njaa, nikaishindilia samadi. Haikumaliza mwezi.

Safari hii nataka tena rododendroni, vile vichaka vya maua, na sitaki kukurupuka. Nichague nini kati ya kuchimba shimo ardhini, kuinua tuta, na chungu kikubwa? Na kuhusu aina ndiyo sijui kabisa: azalea, zile kubwa za Himalaya, yakushimanum, vireya. Baridi ipo usiku, ila haijawahi kugandisha maji.

MzeeWaKitalu
Pole. Manjano yenye mishipa ya kijani ni dalili ya kukosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, lakini udongo ukiwa na chokaa nyingi mizizi haiwezi kukifyonza. Rododendroni inataka pH (kipimo cha uchachu wa udongo; namba ikishuka uchachu unapanda) ya kati ya 4.5 na 6, karibu sawa na mchai. Na wewe ukaipanda kando ya ukuta! Saruji na lipu huachia chokaa kila mvua inaponyesha. Samadi nayo iliunguza mizizi, maana mizizi ya mmea huu ni myembamba kama nywele.

Kabla ya kuulizana aina, pima pH sehemu mbili tatu, na moja iwe mbali na ukuta.

KivuliChaMti
Mimi ni wa ardhini. Salfa ya unga inashusha pH, nimeitumia na mimea yangu iko hai. Chungu ni utumwa wa kumwagilia.

MzeeWaKitalu
@KivuliChaMti salfa inafanya kazi kama udongo ulikuwa karibu na kufaa tangu mwanzo. Bakteria ndio wanaoigeuza kuwa asidi, na huchukua miezi. Kwenye udongo wenye mawe ya chokaa ni kuteka maji kwa pakacha, asidi yote inaliwa na chokaa. Na mtu asichanganye salfa na alumini salfeti, ile inayowekwa kwenye hydrangea ili zitoe maua ya buluu. Alumini ikizidi ni sumu kwa rododendroni.

KivuliChaMti
Hapo kwenye chokaa nakubali. Udongo wangu ulikuwa na pH 6.3.

BustaniYaBibi
Mwanangu Chipukizi, usidharau tuta. Mizizi hii haiendi chini, karibu yote hukaa ndani ya sentimita 30 za juu. Kwa hiyo tuta la sentimita 40 linaitosha: magamba (magome) ya msonobari yaliyosagwa, majani yaliyooza, mchanga wa chembe kubwa. Maji yanapita, na ukungu wa Phytophthora unaoozesha mizizi haupati dimbwi la kukaa. Juu tandaza magamba sentimita 5 hivi, yasiguse shina. Na usipite na jembe hapo, palizi ni ya mkono.

Kosa ninaloliona kila mara ni kuzika mche ndani sana. Sehemu ya juu ya bonge la mizizi ikae usawa wa udongo au ijitokeze kidogo.

Ubaya wa tuta: ukilimwagilia maji yenye chokaa, baada ya miaka michache umerudi ulikotoka. Kinga maji ya mvua.

Chipukizi2
Shikamoo Bibi, asante. Kwa hiyo azalea na rododendroni ni mimea miwili au mmoja?

StameniTano
Jenasi moja, yaani kundi moja la spishi zenye undugu. Linnaeus aliziweka mbali mwaka 1753, baadaye zikaunganishwa. Hesabu stameni za ua, zile nyuzi zenye chavua: azalea kwa kawaida zina 5, rododendroni nyingine nyingi zina 10 au zaidi.

Sasa aina, maana hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Za Himalaya kama Rhododendron arboreum, ua la taifa la Nepal, ni miti kamili. Kwenye kibustani hiyo ni kuleta tembo sebuleni, na ukianza na mbegu unaweza kungoja miaka zaidi ya 10 kuona ua. Yakushimanum, ya kisiwa cha Yakushima huko Japani, haizidi mita moja kwa kawaida, na upande wa chini wa jani una manyoya ya kahawia kama kitambaa. Mimi naipenda kuliko zote, lakini hiyo na machotara wake ni watoto wa nchi za theluji. Kwako singeijaribu.

Vireya ndiyo iliyoumbwa kwa mahali pasipoganda. Zipo spishi kama 300, nyingi za New Guinea, Borneo na visiwa vya jirani. Nyingi huota juu ya miti kama okidi, ndiyo maana udongo mzito unaziua. Hazingoji majira, zinaweza kuchanua wakati wowote wa mwaka. Rangi za chungwa na manjano ni zao hasa, na baadhi ya zile nyeupe zinanukia. Jalidi ikipiga, basi.

Azalea zisizopukutisha majani ziko katikati. Zinavumilia mkasi, ila upogoe mara tu maua yanapoisha. Ukichelewa unakata matumba ya maua ya msimu ujao.

KivuliChaMti
Una mbuzi au watoto wadogo? Majani na maua yana sumu iitwayo grayanotoksini. Hata asali yake hulevya: askari wa Xenophon, jemadari wa Kigiriki, waliila karibu na Bahari Nyeusi yapata mwaka 400 KK, wakaanguka kama walevi.

Chipukizi2
Mbuzi sina. Nimepima: ukutani 7.6, mwisho wa bustani 6.4.

BustaniYaBibi
Basi ukutani hapafai, hata ukiweka salfa gunia. Azalea itengenezee tuta kule mwisho. Vireya iweke kwenye chungu, nusu nzima iwe magamba makubwa.

StameniTano
Naungana na Bibi. Ila chungu kiwe kidogo, kiupite mzizi kwa vidole viwili tu. Chungu kikubwa kinabaki na unyevu katikati, vireya inaoza huku juu pamekauka. Bonge likikauka kabisa, maji yatapita pembeni bila kuingia. Lizamishe kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe.

Chipukizi2
Kumbe chungu kikubwa nilichokwisha nunua ndicho kibaya?

MzeeWaKitalu
Kipandie azalea ya pili. Au kitumie kukingia maji ya mvua.